Al-Khalil bin Ahmad: Aliyeyapigia Maneno Hesabu

Mtoto wa Kiislamu wa mwambao wetu, tangu Lamu hata Vanga, huishika kazi ya mtu huyu kabla hajalisikia jina lake. Akifungua juzuu chuoni na kuanza kuitamka alifu kwa fataha, kwa kasra na kwa dhuma, zile alama ndogo azionazo juu na chini ya herufi zinatokana na Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi. Waliomtangulia walitumia nukta za wino wa rangi nyingine, ikamlazimu mwandishi awe na wino wa namna mbili. Yeye alizichukua herufi zenyewe akazidogesha: wau ndogo ikawa dhuma, alifu ndogo iliyolazwa ikawa fataha, yaa ndogo ikawa kasra. Shada aliitoa katika kichwa cha shini, na hamza katika kichwa cha aini.

Hilo peke yake lingetosha kumkumbuka. Lakini leo nataka kumsimulia kwa sababu nyingine. Siku hizi kila mtu azungumza habari za mashine zinazofahamu lugha, na wengi wetu twadhani kuwa fikira ya kuitia lugha katika kanuni na hesabu imezaliwa Ulaya na Marekani. Sisemi kwamba Al-Khalil alibuni kompyuta. Majivuno ya namna hiyo hayatujengi. Nasema kuwa njia ya kufikiri ambayo mabingwa wa mashine waliipita katika karne ya 20, yeye alikwisha kuipita karibu miaka 1,200 kabla yao, naye hana kitu ila kalamu na masikio.

Alizaliwa yapata mwaka wa 100 wa Hijra, yaani 718 wa Miladi. Wapokezi husema alizaliwa Omani, katika kabila la Azdi, na Omani ni nchi ambayo sisi watu wa pwani hatuhitaji kuonyeshwa njia yake. Husemwa pia kuwa baba yake ndiye mtu wa kwanza kupewa jina la Ahmad baada ya Mtume, sala na salamu zimshukie. Angali mdogo akahamia Basra, na huko ndiko alikokulia, akasoma, akasomesha na kufa.

Basra ya siku hizo ilikuwa mji mchanga wenye watu wa kila kabila. Waajemi walisilimu kwa wingi, wakasema Kiarabu walichojifunza ukubwani, na ndimi zikawa zinateleza. Si jambo dogo hilo. Katika Kiarabu fataha ikigeuka dhuma, aliyepiga aweza kuwa ndiye aliyepigwa, na msomaji wa Kurani akaigeuza maana ya aya asijue. Wanavyuoni wa Basra waliona kuwa wasipozishika kanuni za lugha mapema, wajukuu wao watarithi msahafu wasioufahamu. Al-Khalil alisoma kwa Abu Amr bin al-Alaa, mmoja wa maimamu saba wa visomo vya Kurani, kisha akaenda majangwa ya Hijazi, Najdi na Tihama kuwasikiliza Mabedui wakisema.

Kazi iliyomtangaza kwanza ni arudhi. Imepokewa kwamba alipohiji aliomba dua Makka apewe ilimu ambayo hakutanguliwa nayo na mtu. Aliporejea Basra, siku moja akapita sokoni penye wahunzi wa shaba, akasikia nyundo zao zikipiga, akatambua kuwa na mashairi yana mpigo wake, mfupi na mrefu. Hadithi hii huenda imetiwa chumvi, lakini mimi naiona ina ukweli ndani yake: huyu alikuwa mtu wa kusikiliza mpigo kwanza, maneno baadaye. Wanasimulia hata kwamba mwanawe alimkuta peke yake akizipima sauti za ubeti kwa kinywa, akatoka mbio kuwaambia watu kuwa mzee ameingiwa na wazimu.

Alizipanga bahari 15 za mashairi ya Kiarabu katika duara 5. Tazama duara la kwanza. Ukianzia mahali pamoja, wapata bahari ya Tawil. Ukisogea mbele kidogo ukaanzia hapo, wapata Madid. Ukisogea tena, Basit. Sauti ni zilezile, kilichobadilika ni mwanzo tu. Na katika duara hizo mna mianzo mingine inayotoa bahari ambazo Waarabu hawakuzitungia kamwe. Hizo aliziacha kando kuwa zimetupwa. Al-Akhfash, aliyekuja baada yake, ndiye ahesabiwaye kuwa aliongeza bahari ya 16. Malenga wetu hawakuichukua mizani yenyewe, kwa kuwa Kiswahili hakipimi silabi fupi na ndefu; sisi twazihesabu. Hata hivyo maneno arudhi, bahari na ubeti yametufikia kutoka katika ilimu hiyo. Ubeti kwao ni hema, na vipande vyake Al-Khalil alivipa majina ya kamba na vigingi.

Naomba msomaji aishike njia hiyo ya duara: kwanza toa kila kinachowezekana, kisha uliza kipi watu wanakitumia. Maana ndiyo aliyoitumia katika kazi yake kubwa kuliko zote, Kitab al-Ayn, kamusi ya kwanza ya Kiarabu.

Mtu mwingine angeanza kuokota maneno, moja leo, jingine kesho, na asingemaliza. Al-Khalil aliuliza kwanza: maneno ya Kiarabu yaweza kuwa mangapi? Herufi ni 28. Mzizi wa herufi mbili wageuzwa mara 2, wa tatu mara 6, wa nne mara 24, na wa tano mara 120. Zaidi ya tano hapana mzizi. Wanavyuoni wa baadaye wamenasibisha kwake jumla ya mizizi 12,305,412, isiyorudia herufi. Mwenye shaka na achukue karatasi: 28 mara 27 ni 756, hiyo mara 26 ni 19,656, mara 25 ni 491,400, mara 24 ni 11,793,600. Ajumlishe zote nne aone.

Kisha akafanya kazi ya kuchuja. Chukua kafu, ta na ba. Kataba ni kuandika, na hapo ndipo tulipochota kitabu, katibu na maktaba. Geuza iwe kabata, nayo ni kudhalilisha. Geuza iwe bataka, nayo ni kukata. Zote tatu mizizi yake imo katika Kurani. Lakini si mageuzo yote sita yaliyopata wenyewe. Katika kamusi yake kila mzizi huwekwa pamoja na mageuzo yake, yanayotumika yakafafanuliwa, yaliyotupwa yakatajwa au kuachwa.

Aliweka na kanuni za kuchuja kwa haraka. Aini na haa, alisema, hazikai pamoja katika mzizi mmoja kwa kuwa zatoka mahali pamoja kooni. Zikionekana pamoja, basi ni maneno mawili yaliyoungwa, kama lile jina walilolitoa Waarabu katika mwito wa adhana. Na neno la mzizi wa herufi nne au tano lisilo na hata moja kati ya ra, lamu, nuni, fa, ba na mimu, litilie shaka kuwa si la Kiarabu, ila machache sana. Hata mpango wa herufi hakuuchukua ule wa alifu na ba. Alianzia kooni akaja hadi midomoni, akaipata aini iwe ya kwanza, na ndiyo sababu ya jina la kitabu.

Sasa nivuke bahari na karne kidogo. Mwaka wa 1972, mjini Marseille, Ufaransa, Alain Colmerauer na mwenzake Philippe Roussel, kwa mashauri ya Robert Kowalski aliyekuwa Edinburgh, walitunga lugha ya kuiamrisha kompyuta iitwayo Prolog. Kusudi lao lilikuwa kuzungumza na mashine kwa Kifaransa. Kwa kawaida kompyuta huamrishwa hatua kwa hatua, kama mpishi mgeni. Hawa hawakutaka hivyo. Walitaka kuipa mambo ya kweli na kanuni, kisha waiulize swali, nayo itafute njia yenyewe. Ieleze, kwa mfano, kuwa a na wa ni nafsi; na, li na ta ni wakati; soma, pika na lima ni vitendo; na kanuni kwamba neno hutimia kwa nafsi, kisha wakati, kisha kitendo. Uliza kama walipika ni neno, italichambua na kukubali. Iambie itoe yote, itayatoa 18, ikifika mwisho wa njia moja hurudi njia panda na kushika nyingine mpaka ziishe. Aliyezielewa duara za Al-Khalil hatapata taabu kuielewa Prolog.

Mashine nyingi za leo zimeziacha kanuni, zinajifunza kwa kumeza maandishi mengi mno. Hapo zimeshika nusu ya pili ya kazi ya mzee wetu, kusikiliza watu wasemavyo, na kuiacha nusu ya kwanza. Kwa lugha yenye maandishi machache hasara yake ni kubwa. Kanuni za maneno ya Kiswahili kwa ajili ya kompyuta, tangu miaka ya 1980, ziliandikwa kwa bidii na Arvi Hurskainen huko Helsinki, Finland. Namshukuru; lakini nionavyo mimi, kazi hiyo ingalifaa iwe na mikono mingi zaidi ya wenye lugha.

Turudi Basra. Mtu huyu aliishi katika kibanda cha matete, huku wanafunzi wake wakichuma mali kwa ilimu yake. Gavana mmoja wa ukoo wa Muhallab alipotuma mjumbe kumwita akamsomeshee watoto, alimtolea mjumbe mkate mkavu, akamjulisha kuwa maadamu anao huo hana haja na gavana. Mwanafunzi wake mkubwa, Sibawayhi, Mwajemi, ndiye aliyeandika kitabu kikuu cha sarufi ya Kiarabu, na kila ukurasa wake karibu una fikira ya mwalimu.

Alifariki Basra kati ya miaka ya 170 na 175 ya Hijra, sawa na 786 hadi 791. Imepokewa kuwa alikuwa akiwaza hesabu nyepesi ambayo hata kijakazi angeweza kuitumia ili muuza duka asimpunje. Akaingia msikitini angali mawazoni, akagonga nguzo, akaanguka, na ikawa sababu ya mauti yake. Mungu amrehemu.

Kitab al-Ayn hakukimaliza kwa mkono wake. Wengine walikanusha kabisa kuwa ni chake, wakakinasibisha na mwanafunzi wake Al-Layth, wa Khurasan. Mimi nasadiki mpango ni wa Al-Khalil na ujazo mwingi ni wa Al-Layth, maana hesabu ile haifanani na ya mtu mwingine. Basra yenyewe haikukiona mpaka mwaka wa 248 wa Hijra, yaani 862, alipofika muuza vitabu kutoka Khurasan akiwa nacho katika sehemu 48. Alikiuza kwa dinari 50.