Louis Cottier: Fundi wa saa aliyekamilisha ndoto ya babake

MSAFIRI anayetupia jicho saa yake ya mkono na kujua papo hapo kwamba Nairobi kunakucha ilhali New York bado ni usiku, anafaidi jasho la fundi wa Uswisi ambaye kazi yake ilisambaa kote duniani kwa majina ya wengine.

Louis Cottier alizaliwa mwaka wa 1894 mjini Carouge, kando ya Geneva. Babake, Emmanuel, alikuwa fundi wa saa vilevile. Mnamo 1885, mwaka mmoja baada ya mkutano wa Washington kuichagua Greenwich kuwa mahali pa kuanzia kuhesabu saa za dunia, mzee huyo aliwasilisha muundo wa saa ya kuonyesha nyakati za sehemu mbalimbali. Wazo hilo halikushika.

Mwanawe hakuliacha lipotee. Baada ya kusomea ufundi huo Geneva na kuajiriwa kwa muda, alifungua karakana ndogo nyuma ya duka la vitabu la mkewe, huko huko Carouge. Mwaka wa 1931, miaka 46 baada ya jaribio la babake, akakamilisha mtambo uliomletea sifa.

Baadhi ya waliomtangulia walirundika nyuso kadhaa ndani ya saa moja, zikawa ngumu kusoma. Cottier aliacha akrabu za kawaida katikati, zionyeshe saa za nyumbani. Kuzizunguka aliweka duara lenye tarakimu 24, linalozunguka mara moja kwa siku kinyume cha mwendo wa akrabu. Ukingoni akaandika majina ya miji. Aliyetaka kujua saa za London au Tokyo alisoma tu tarakimu iliyoelekeana na jina la mji huo.

Kampuni kubwa, zikiwemo Vacheron Constantin, Patek Philippe na Rolex, zilimwendea. Yeye alitengeneza mitambo; wao waliuza saa, na majina yao ndiyo yaliyoandikwa usoni. Hata hivyo, hakukoma kubuni. Katika miaka ya 1950 aliongeza kifundo cha pili cha kuzungushia duara la miji, kisha akabuni njia ya kusogeza akrabu ya saa pekee bila kuvuruga dakika.

Cottier alifariki mwaka wa 1966. Mtindo wake ungali unafuatwa na watengenezaji saa hadi leo.