Cameron, mtu aliyetafuta mlango wa ziwa Tanganyika

Maji ya mto Lubumbashi inaingia mu Kafubu, kisha Luapula, ziwa Moero na Luvua, mpaka Lualaba. Kule, upande wa Kabalo, inakutana na maji ya Lukuga, mto unaotoka ziwa Tanganyika pale Kalemie. Mzungu wa kwanza kueleza kwamba Lukuga ndiyo mlango wa ziwa aliitwa Verney Lovett Cameron.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1844, akaingia mu jeshi la maji akiwa bado mtoto. Mwaka 1873 alitumwa kumsaidia Livingstone. Kufika Unyanyembe, karibu na Tabora, akakutana na watumishi wa Livingstone wakibeba maiti yake kuipeleka pwani. Yeye hakurudi. Februari 1874 alifika Ujiji, akatafuta mitumbwi, akazunguka upande wa kusini wa ziwa.

Mwezi wa Mei akaingia mu Lukuga. Mkubwa wa pale alimweleza kwamba maji yake inaenda mpaka Lualaba. Cameron aliona maji ikitoka polepole, lakini kisha kilometa chache majani ilifunga njia. Aliendelea kwa miguu mpaka Nyangwe, akapita inchi ya Waluba, na Novemba 1875 akatokea ku Atlantika, upande wa Benguela. Hakuna Mzungu aliyekuwa amevuka Afrika ya kati toka mashariki mpaka magharibi mbele yake.

Nyuma yake ziwa liliendelea kupanda. Stanley alipita Lukuga mwaka 1876, akakuta mlango umefungwa. Kule Ujiji maji ilikuwa inakula ukingo. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kilibomoka. Ziwa likashuka karibu mita 10, na udongo mingi ikatokea ku ukingo.

Cameron alikufa mwaka 1894, kisha kuanguka toka ku farasi. Wakati ule ziwa lilikuwa limekwisha kurudi nyuma, na kwa miaka iliyofuata watu walijenga pale maji iliacha. Mu miaka ya 1960 maji ilirudia kupanda. Mwaka 2024 tena, kisha mvua kubwa, iliingia mu manyumba ya Kalemie na Uvira, familia zikahama.

Mwenye kutafuta kiwanja ku ukingo aulize wazee kwanza: mu miaka ile ya 1960, maji ilifika wapi?