W. A. C. Bennett

William Andrew Cecil Bennett (6 Septemba 1900 – 23 Februari 1979) alikuwa mfanyabiashara na mwanasiasa wa Kanada. Alikuwa waziri mkuu wa jimbo la British Columbia tangu mwaka 1952 hadi 1972, muda mrefu kuliko mwingine yeyote. Anajulikana hasa kwa ujenzi wa mabwawa na kwa mvutano wake na serikali kuu ya Ottawa kuhusu kuiuzia Marekani umeme.

Maisha

Alizaliwa Hastings, New Brunswick. Baadaye alihamia Kelowna, alikokuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka 1941 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo kwa tiketi ya chama cha kihafidhina. Alikihama mwaka 1951 akajiunga na Social Credit.

Mkataba wa mto Columbia

Mto Columbia unaanzia British Columbia na kuingia Marekani. Tarehe 17 Januari 1961 John Diefenbaker na Dwight Eisenhower walitia saini mkataba kuhusu mto huo. Kanada ingejenga mabwawa matatu ya kuhifadhi maji na kupewa nusu ya umeme wa ziada ambao ungezalishwa upande wa Marekani.

Ottawa ilitaka umeme huo urudishwe Kanada. Bennett alipinga, kwa sababu alikuwa akipanga bwawa kubwa kwenye mto Peace, na umeme wa Columbia ungelinyang'anya soko. Alitaka fungu la Kanada liuzwe Marekani kwa fedha taslimu. Kwa kuwa maji yako chini ya mamlaka ya jimbo, mkataba haukuweza kutekelezwa bila ridhaa yake. Mwaka 1961 pia alitaifisha kampuni ya umeme ya BC Electric.

Mwaka 1964 serikali ya Lester Pearson ilikubali, na fungu la miaka 30 likauzwa kwa dola za Marekani milioni 254.

Matokeo

Mabwawa hayo ni Duncan (1967), Keenleyside (1968) na Mica (1973). Zaidi ya watu 2,000 walihamishwa, na mashamba mengi yalifunikwa na maji. Wakosoaji walisema bei ilikuwa ndogo, kwani fedha hizo hazikutosha gharama za ujenzi. Baada ya miaka 30 jimbo lilirudishiwa fungu lake.

Bennett alishindwa katika uchaguzi wa 1972 na kufariki Kelowna. Bwawa la mto Peace linaitwa kwa jina lake.