Mark Donohue: Bingwa aliyefanya kazi wengine wakiwa likizo

SHABIKI wa soka anajua kwamba ubingwa wa ligi mara nyingi huanza kambini, wakati viwanja vimefungwa na watu wanabishana kuhusu usajili tu. Timu iliyozembea kwenye maandalizi, ligi ikianza inaumbuka.

Kwenye mbio za magari, Mmarekani Mark Donohue aliiishi imani hiyo mpaka mwisho wa maisha yake. Alikuwa dereva na fundi kwa wakati mmoja, sawa na straika anayejipangia mazoezi mwenyewe, kisha anaingia uwanjani kufunga. Kazi yake kubwa aliifanya msimu ukiwa umesimama, akihangaika na gari lisilotumia hata tone la maji kupoza injini: Porsche 917.

Kutoka chuoni hadi kwa Penske

Donohue alizaliwa Machi 18, 1937, katika jimbo la New Jersey. Mwaka 1959 alihitimu uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Brown, na alianza mashindano na Chevrolet Corvette yake mwenyewe.

Aliyemshika mkono ni Walt Hansgen, dereva mkongwe aliyeona kijana ana kitu. Mwaka 1966 Hansgen alipata ajali wakati wa majaribio Le Mans, Ufaransa, akafariki. Mwaka huohuo Donohue akachukuliwa na Roger Penske, dereva wa zamani aliyegeuka mmiliki wa timu.

Wawili hao walielewana kama kiungo na mshambuliaji. Camaro yao ya mashindano ya Trans-Am ilizamishwa kwenye tindikali ili bati la bodi liwe jembamba na gari liwe jepesi. Waliiwezesha Chevrolet kubeba taji mwaka 1968 na 1969. Wapinzani walilalamika, lakini Donohue alikuwa anatafuta kila upenyo ambao mwenzake hajauona.

Injini isiyo na rejeta

Wakati huo Porsche walikuwa na mnyama wao, 917, aliyeshinda Saa 24 za Le Mans mwaka 1970 na 1971. Sheria za ubingwa wa dunia zikabadilika, injini zake kubwa zikapigwa stop kuanzia 1972. Wajerumani wakaamua kulipeleka gari Amerika ya Kaskazini kwenye Can-Am, mashindano ambayo hayakuwa na kikomo cha ukubwa wa injini.

Injini ya 917 ilikuwa na silinda 12 zilizolala, sita kila upande. Hakukuwa na rejeta. Feni kubwa ilikaa juu ya injini ikipuliza hewa kwenye mapezi yanayozunguka silinda. Ukichungulia injini ya bodaboda utayaona mapezi ya namna hiyo, ila pikipiki inategemea upepo wa njiani.

Faida yake ni kwamba hakuna maji ya kubeba wala mpira wa rejeta wa kupasuka. Hasara yake ni joto. Kila unapoongeza nguvu, feni ileile inabebeshwa mzigo mkubwa zaidi.

Na nguvu zilihitajika kweli. Kwenye Can-Am, McLaren walikuwa wamebeba ubingwa miaka mitano mfululizo. Jibu la Porsche lilikuwa kufunga turbo, yaani moshi wa injini unazungusha feni ndogo inayosukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Kazi ya kulifanya gari hilo liendesheke wakapewa Penske na Donohue.

Baridi ya Weissach

Donohue alisafiri hadi Weissach, Ujerumani, kwenye kituo cha majaribio cha Porsche. Alichokikuta kilimkatisha tamaa. Kwenye mtambo wa kupimia, injini ilitoa namba tamu. Barabarani ilikuwa vituko. Ukikanyaga mafuta, kimya. Unasubiri, halafu nguvu zote zinakuja kwa mpigo, gari linataka kukimbia bila dereva.

Hakukubali kuambiwa atazoea. Alikaa na wahandisi, akiwemo Valentin Schäffer, akisisitiza kwamba tatizo liko kwenye kipimo cha mafuta wakati pedali imekanyagwa nusu. Dereva kwenye kona hakanyagi mafuta yote, kwa hiyo injini lazima ifanye kazi vizuri hapo pia. Mfumo wa mafuta ukarekebishwa, ukajaribiwa, ukarekebishwa tena, mpaka injini ikaanza kutii mguu.

Baada ya hapo akahamia chini ya gari. Aliliendesha kwenye duara moja, anazunguka na kuzunguka, anabadilisha springi, anagusa stabilaiza, anapima muda, anarudia. Kazi ya kuchosha isiyo na shabiki hata mmoja wa kupiga makofi.

Kifuniko kilichomnyima taji

Mwaka 1972 ulianza kama ndoto. Mei 27 alishinda Indianapolis 500 akiwa na McLaren, ushindi wa kwanza wa Penske kwenye mbio hizo. Juni akaipeleka Porsche Mosport, Canada, akaanza wa kwanza na kumaliza wa pili.

Julai, kwenye majaribio ya Road Atlanta, kifuniko cha nyuma cha bodi kiling'oka gari likiwa kasi. Gari likapaa na kusambaratika. Donohue akabaki hai, lakini goti liliumia vibaya.

Penske akamwita George Follmer. Dereva huyo alikuta gari limeshaiva, akashinda mbio tano na kubeba ubingwa. Donohue alipona akarudi kabla msimu haujaisha na kushinda Edmonton, ila taji lilikuwa limeshakwenda kwa mwenzake. Mtu aliyelilea gari tangu lilipokuwa halitambai alilazimika kumtazama mwingine akivuna.

Hakununa. Alirudi kazini. Baridi iliyofuata likazaliwa gari la 917/30, injini imeongezwa kutoka lita 5.0 hadi 5.4, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma umeongezwa ili litulie, na nguvu zimepita farasi 1,000.

Msimu wa 1973 mbio zilikuwa nane. Mbili za kwanza zilimponyoka, kisha akashinda sita mfululizo na kubeba taji. Mwaka uliofuata sheria ya kubana matumizi ya mafuta ikaliondoa gari hilo kwenye mashindano.

Walikuwepo waliosema anabebwa na gari. Jibu lilipatikana kwenye mashindano mapya ya IROC, yaliyoanza Oktoba 1973, ambako madereva 12 walipewa Porsche 911 Carrera RSR za aina moja. Miongoni mwao alikuwemo Emerson Fittipaldi wa Brazil. Donohue alishinda mbio tatu kati ya nne.

Siku kumi za Agosti

Baada ya hapo alistaafu, lakini Penske alipoanzisha timu ya Formula One, akarudi mwishoni mwa 1974. Huko mambo yalikuwa magumu. Matokeo yake bora msimu wa 1975 yalikuwa nafasi ya tano, Sweden na Uingereza.

Agosti 9, 1975, akapanda tena 917/30 pale Talladega, Alabama, safari hii ikiwa imefungwa vipozaji vya hewa ya turbo ili injini ihimili kukanyagwa muda mrefu. Alizunguka uwanja kwa wastani wa kilomita 355 kwa saa, rekodi ya dunia kwa njia ya mzunguko.

Siku nane baadaye alikuwa Austria. Kwenye mazoezi ya asubuhi kabla ya mbio, tairi lilipasuka, gari likatoka nje ya njia. Msimamizi mmoja wa njia alipoteza maisha. Donohue alitolewa akiwa na fahamu, kichwa kikaanza kumuuma, akapoteza fahamu. Alifariki Agosti 19 hospitalini Graz kutokana na damu kuvuja kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 38.

Mtu aliyekagua kila kitu kwa miaka yote hiyo aliondoka kwa sababu ya tairi, kitu ambacho hata fundi bora hawezi kukiona kikichoka ndani.

Mwanawe David alikuwa na miaka minane tu. Januari 2009, akiwa mmoja wa madereva wa gari lenye injini ya Porsche, David alishinda Saa 24 za Daytona, mbio ambazo baba yake alizishinda mwaka 1969.