MWANA KUPONA NA WASIA WAKE

Leo nawaletea maisha ya Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, huko Lamu kwa majirani zetu. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, akabaki mjane. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa kumfunza maisha: ashike dini, awe na adabu, aseme kweli. Alifariki karibu mwaka 1860.

Pia alimwusia amtii mumewe sana. Hapo ndipo sisi vijana wa Chewele hubishana, na wasichana hawakubali kabisa! Mimi naona desturi hubadilika, lakini ukweli haubadiliki. Mwongo hakuaminiwa zamani, na hata leo haaminiwi. Je, ndugu msomaji, wewe utaacha wasia gani?