Sadiq Bey na Kamera Yake Makka

Mpiga picha aendaye ng'ambo hushughulikia viza kwanza. Muhammad Sadiq Bey, ofisa wa jeshi la Misri, alifunguliwa njia na kazi yake. Mwaka 1861 alitumwa kupima njia itokayo bandari ya Al-Wajh hadi Madina, naye akachukua kamera. Picha alizopiga za Msikiti wa Mtume (S.A.W.) ndizo za mwanzo zijulikanazo. Wala haikuwa kazi nyepesi: kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, tena ugenini!

Mwaka 1880 alirudi akiwa mweka hazina wa msafara wa Hija uliotoka Misri na mahamali, cheo ambacho nadhani kilishinda pasipoti yoyote. Safari hiyo akaipiga picha na Makka. Mwaka 1881 picha zake zilipata nishani ya dhahabu huko Venice. Alifariki mwaka 1902.