Nikola Tesla na Mashua Isiyo na Nahodha

Pengine umeona ndege ndogo isiyo na rubani ikipiga picha harusini, hapa Ruanda au kule Tunduma. Mwongozaji yuko chini, ndege iko juu. Je, jambo hili lilianzia wapi? Lilianzia majini.

Nikola Tesla alizaliwa mwaka 1856 katika nchi ambayo leo inaitwa Kroatia. Alikuwa fundi hodari wa umeme. Mwaka 1884 alihamia Marekani.

Mwaka 1898, mjini New York, Tesla aliweka mashua ndogo majini mbele ya watu. Ndani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na betri na mota. Tesla alisimama kando na kisanduku chake. Kisanduku kilipeleka mawimbi, ya namna ile yanayoleta sauti katika redio yako. Mashua ilipopokea mawimbi, umeme wa betri uligeuza usukani. Ikaenda kushoto, ikaenda kulia, ikawasha taa. Wengine walidhani ni uchawi.

Tesla alitumaini kwamba silaha za namna hiyo zingetisha mataifa mpaka vita vikome. Alikosea. Mwaka 1917, vita vikiendelea, Waingereza walijaribu kurusha ndege iliyoongozwa kwa redio. Wakati huo huo babu zetu huku walibebeshwa mizigo ya vita hivyo hivyo vichwani.

Wanajeshi wa Marekani hawakuitaka mashua ile. Tesla alifariki mwaka 1943, peke yake, katika chumba cha hoteli, akiwa na madeni.